Nukta Pacha za Mama Mapasa

Léonie Nyembo, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Wametodisti mjini Kamina, alirudi kazini baada ya likizo ya uzazi akiwa amesahau neno lake la siri. Si ajabu. Kati ya mapacha wake, Kabwe aliishi siku tisa tu, na Kyungu alilia kwa wawili. Nani angekumbuka maneno ya siri?

Lakini pointi za mitihani za darasa lake zilifungiwa kwa neno hilo ndani ya ordinateri, kompyuta ya sekretarieti. Zisipotoka kabla ya saa sita mchana, watoto arobaini na mmoja wangekosa matokeo kwenye proklamasyo ya kesho, sherehe ya kutangaza matokeo, mbele ya wazazi waliokwisha kupiga nguo pasi.

Katibu, Baba Kabamba, ndiye aliyesimamia mashine. Alikuwa na mwandiko mzuri na majivuno kidogo. Aliandika amri ya kubadilisha neno la siri, programu ikaanguka. Akaandika tena polepole, kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikaanguka tena, ikilalamikia faili la majina ya watumiaji, mstari wa kumi na nne.

“Mama Léonie, hii mashini inakatala. Minyi sijue inataka nini.”

“Mufungule iyo fishié, Baba, tuone.”

Kila mstari ulikuwa mtu mmoja, umekatwa vipande kwa nukta pacha, zile mbili zinazokaa moja juu ya nyingine. Léonie akafanya anachokijua: akahesabu. Kila mtu alikuwa nazo mara sita. Mstari wa kumi na nne ulikuwa nazo mara saba, ndiyo maana programu ilipotea njia. Nao ulikuwa wake. Penye jina palisomeka: Léonie Nyembo: Mama Mapasa.

Mapasa ndio mapacha. Tangu mazishi watu walikuwa wameacha kumwita hivyo, wakidhani wanamhurumia, na kila “Mama Kyungu” lilimzika Kabwe upya. Ilhali kwa Waluba, watu wake, aliyezaa mapacha habadiliki kuwa mama wa mmoja.

“Baba Kabamba, ni nani aliandika hii?”

“Ni minyi, mwezi yenye ilipita, kwa mukono, mu iyo fishié. Nilisema, huyu mama anarudia, na jina ya heshima yake haiko. Unisamehe, minyi njo niliharibisha.”

“Hamukuharibisha kitu, Baba. Aksanti. Aksanti mingi.”

Machozi yalimtoka wala hakuyaficha. Kwa miezi mitano hakuna aliyempa zawadi kama ile.

Kabamba, kwa aibu, akataka kufuta maneno yote. Léonie akamzuia. Akafuta nukta pacha tu, jina akaliacha. Safari hii neno jipya la siri likakubaliwa, na saa sita kasorobo pointi zikaanza kuchapwa.

Kesho yake uwanja ulijaa wazazi. Kabamba alishika orodha, akakohoa, akawaita walimu mmoja mmoja. Alipofika darasa la Léonie alipaza sauti kuliko kawaida:

“Mama Mapasa!”

Watu wakageuka. Léonie, Kyungu mgongoni, akaitika kwa watoto wote wawili.