Nta ya komunyo na gauni la mama mkwe

Nina mume mbunifu jamani, nipeni hongera.

Leo Neema wetu kapata komunyo ya kwanza. Mshumaa ukamwagia nta gauni lake jeupe.

Mama yangu akasema, "Leteni pasi na gazeti linyonye nta."

Baba Neema akajibu, "Mama, wewe pumzika tu. Siku hizi kuna teknolojia."

Akabeba draya yangu ya saluni, akaweka moto na upepo wa mwisho.

Nta iliyeyuka, tusimnyime haki yake. Kisha upepo ukairusha vitone vitone, vikatua vyote kwenye gauni jeusi la mama, aliyekaa mbele yake.

Baba Neema akanyoosha mkono amfute kifuani. Akakumbuka huyo ni mkwe. Mkono ukabaki hewani!

Sasa wageni wanauliza kitambaa kile cha nukta nyeupe kinauzwa wapi hapa Babati.

Niwaelekeze kwa Baba Neema?