Redio Alipozimwa

Kinyozi huyu aliitwa Redio, na si kwa sababu aliwahi kuuza redio wala kuitengeneza. Ni mdomo tu. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga kitambaa shingoni umeshajua nani kahama, nani karudiana na nani, na saruji imepanda bei kiasi gani. Mashine ikipita kisogoni anasema, ikihamia kwenye sharubu anasema, na ukijaribu kujibu anakubana kidevu kwa vidole viwili: "Tulia, nitakukata." Wengi walimpenda hivyo hivyo, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hadithi zake zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mdomo huo huo ndio uliompa heshima kanisani, kwani Jumapili yeye ndiye aliyesoma somo. Sauti yake ilijaza ukumbi bila kipaza sauti, na alijua mahali pa kuipandisha, pa kuishusha, na pa kutua kidogo ili akina mama wagune. Jumamosi alifanya mazoezi mbele ya kioo cha dukani. Siku moja mkewe, Mama Pacha, alimwambia, "Baba Pacha, unasoma vizuri sana. Sijui tu kama unasikia." Redio alidhani anasifiwa.

Sasa, ulimi hauna mfupa. Redio alikuwa na kaka yake mkubwa, fundi seremala, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na ndiye aliyemchongea kiti chake cha kwanza cha kunyolea. Siku moja kaka alikalia kiti hicho, akangoja wateja wengine watoke, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba macho yameanza kumsumbua. Mistari ya futi haioni sawasawa, na anaogopa. Kesho yake Redio, ili awachekeshe watu, akasema kaka yake siku hizi anapima mbao kwa pua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kichekesho kikatoka dukani kikazunguka mtaa mzima, na kila kilikopita, wateja wa kaka walianza kupeleka kazi zao kwingine. Aliyekuwa ameagiza milango ya nyumba nzima akaghairi.

Kaka hakupiga kelele. Aliacha tu kuja kunyolewa, na akaacha kuja kanisani. Mchungaji alipomuuliza, alijibu kwamba hawezi kusikiliza Neno la Mungu likisomwa na mdomo uliomwaga siri yake. Jibu hilo lilimfikia Redio, likamchoma. Alikwenda kuomba radhi, tena si mara moja. Tatizo ni kwamba alikwenda na mdomo wake. Alianza vizuri, "Kaka, nimekosa," halafu ikafuata lakini. Lakini watu wenyewe ndio waliotia chumvi. Lakini na wewe ungetafuta miwani mapema. Lakini utani ni utani. Akimaliza kujitetea, kaka ameshashika randa na kumgeuzia mgongo. Redio alirudi nyumbani akinung'unika kwamba kuna watu hawajui kusamehe.

Ndipo koo likamgomea. Lilianza kama mafua, likawa mkwaruzo, mwisho ikabaki hewa tupu. Daktari alimmulika, akaguna, akamwambia asitamke neno lolote, hata kwa kunong'ona, mpaka atakaporuhusiwa; la sivyo, sauti hiyo aiage. Mtaa ukapata cha kusema: Redio kaishiwa betri. Wateja walikuja kwa wingi, wengine nadhani ili kushuhudia tu. Na kwa kuwa duka lilikuwa kimya, wao ndio walioanza kusema. Mwalimu aliyenyolewa hapo miaka yote alieleza kwamba mama yake hamtambui tena. Dereva wa lori alieleza kwamba hapati usingizi. Redio alinyoa na kuitikia kwa kichwa, akashangaa ni mizigo mingapi imekalia kiti chake bila yeye kuijua.

Kanisani somo lilimwangukia Mama Pacha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Mama Pacha husoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Redio alikaa benchi la mbele akimwonea aibu. Somo lenyewe alilijua: lile la mtu aliyepeleka sadaka yake madhabahuni, akakumbuka akiwa huko kwamba ndugu yake ana kinyongo naye. Alikuwa amelisoma mara nyingi, na alijua hasa mahali ambapo sauti inatakiwa kushuka. Mama Pacha hakushusha chochote. Alisoma kwamba mtu huyo aiache sadaka pale pale. Akasogeza kidole. Aende kwanza. Akasogeza kidole. Apatane na ndugu yake. Kwa mwendo huo, kila neno lilipata nafasi ya kukaa.

Redio alikazia macho kidole kile. Neno halikusema aende akaeleze. Lilisema aende, na wala halikuwa likimwambia mtu wa benchi la nyuma. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na kwa somo hilo yeye alikuwa amewanyoa wenzake miaka yote huku kichwa chake mwenyewe kikiwa msitu.

Kapu la sadaka lilipoanza kupita, alisimama akatoka. Mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni alimnong'oneza kwamba choo kimehamishiwa nyuma. Redio akampa mkono wa shukrani, akaenda zake. Alipitia dukani akachukua mkoba wake: mashine, mkasi, wembe mpya na taulo safi.

Kaka alikuwa uani, nyuma ya karakana, ananoa patasi. Nywele zilikuwa kichaka, na ndevu zimeshika vumbi la mbao.

"Leo umekuja kunieleza nini?" akauliza bila kuinuka.

Redio akagusa koo, akatikisa kichwa.

"Nimesikia. Wanasema umezimika."

Redio akapiga magoti kwenye maranda, akainamisha kichwa. Hakuwa na kingine cha kufanya. Kisha akafungua mkoba, akatandaza taulo juu ya magoti yake mwenyewe, akangoja. Kaka aliitazama taulo ile kwa muda. Mwisho akaweka patasi chini, akageuza kigoda, akampa kisogo.

"Haya, nyoa."

Mkasi ulipoanza kazi, kaka naye akaanza. Alisema habari ya ile milango. Alisema watoto wa mtaani walivyokuwa wakimpita wamebana futi puani. Redio alisikia zile lakini zake zikimpanda kifuani, moja baada ya nyingine, zikafika kooni zikakuta pamefungwa. Alimshukuru Mungu kwa koo lile bovu.

"Kilichoniuma si milango, mdogo wangu," kaka akasema. "Nilikuwa naogopa. Katika watu wote, nikakuchagua wewe nikuambie."

Redio akasimamisha mkasi. Machozi yalimtoka bila kificho.

"Unanilowesha shingo," kaka akasema. Kisha akauliza, "Umesikia?"

Redio akamzunguka, akasimama mbele yake ili amwone vizuri, akaitikia kwa kichwa. Halafu akashika shungi moja la nywele ndefu, akalivuta kidogo, akainua nyusi kuuliza: mbona umeziacha hivi, na vinyozi wamejaa?

"Mabango yao nayaona, sijawa kipofu," kaka akajibu. "Lakini kichwa hiki kina kinyozi wake. Nilikuwa nangoja uje ukiwa umenyamaza."

Siku hizi kaka ana miwani, na Jumapili wanakaa benchi moja, macho kwa Mama Pacha, ambaye bado ndiye msomaji kwa ombi la mumewe mwenyewe. Duka la kinyozi lina mlango mpya wa mninga. Ukiusifia, Redio atakwambia kauchonga nani, na atakwambia pia ni nani aliyemzushia fundi huyo kwamba anapima kwa pua. Halafu atakuuliza habari zako, na atakuachia kidevu ujibu.

Siku daktari aliporuhusu sauti, alimwambia ajaribu kutamka neno lolote pale pale. Redio alikataa kwa mkono. Alikwenda moja kwa moja mpaka karakana, akasimama mlangoni, sauti ikatoka nyembamba na yenye mikwaruzo.

"Asante, kaka. Nilikukosea."

Kaka aliinua uso kutoka kwenye ubao, akangoja kidogo, kwa mazoea. Ile lakini haikuja.