Sifa za Djibril kwa Komine Kubwa

Djibril wa Bwiza ni fundi wa pikipiki, lakini jina lake limejengwa na mdomo. Familia ikienda kutoa mahari bila yeye kuisemea inajiona imekuja uchi. Anajua kuzunguka: anawasifu wenye nyumba, mlango wao, ukoo wao, vinywaji vyao, na binti anayetafutwa hatajwi mpaka wote wamelainika. Kwetu hiyo ndiyo adabu.

Mimi na yeye tunapakana nyumba, na nyuma yetu kuna mtaro. Bwiza ilipokuwa komine yake yenyewe, na serikali yake ndogo, mtaro ulizibuliwa kila mwaka kabla ya mvua. Tangu tuunganishwe na komine nyingine kuwa moja kubwa, hauna mwenyewe. Umejaa chupa, nepi na kuku waliokufa, na mvua ikinyesha uchafu huo unaingia chumbani kwa Mama Sijaona, mama yake Djibril, ambaye miguu imemkatalia. Fadhila, dada yake Djibril anayekaa Gihosha, alishasema kwamba maji yakiingia tena anamchukua mama. Mama hataki hata kusikia. Watoto wake wote amewazalia chumba kile, na humo ndimo anataka kufia.

Basi ukaitishwa mkutano wa kujadili kama komine kubwa igawanywe tena. Nilikwenda nikiwa nimeshachefuka. Wanaotaka igawanywe walikuwa wanatafuta viti, wanaotaka ibaki walikuwa wamevikalia, na wote walinuka marashi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama karibu na mtaro wetu. Sisi tulimtuma Djibril akaseme kwamba tunataka komine yetu, ili mtaro upate mtu wa kuusafisha.

Alisimama na koti lake la harusi. Akamsifu mkubwa wa mkutano. Akasifu meza, akasifu umoja, akasema komine kubwa imetukusanya kama mama anavyokusanya watoto wake. Alikuwa anawalainisha. Watu wa Bwiza tulikaa tunasubiri ageuke aingie kwenye habari ya mtaro, na hapo mkubwa akapiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata.

"Merci sana, muzee Djibril," akasema. "Bwiza imesema. Bwiza inataka tubaki pamoja."

"Apana, mukubwa, mi sijamaliza. Ile ilikuwa salamu tu."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa. Na mkubwa yule ni Mrundi kama sisi. Ameoa, ameozesha, anajua kabisa kwamba baada ya sifa ndipo mtu husema shida yake. Alimkata palepale kwa makusudi, huku anatabasamu. Nilitamani kumtemea mate.

Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo. Asubuhi yake Fadhila alikuja na teksi, na mimi nikaingia kuwasaidia. Tulimkuta Mama Sijaona juu ya meza, amejifunga kitenge, redio mapajani, chumba kizima kinanuka choo. Redioni walikuwa wanarudia mkutano. Sauti ya Djibril ikatoka na sifa zake zote, halafu makofi. Djibril akanyoosha mkono aizime.

"Iache," mama yake akasema.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea mwanawe mikono ambebe.

"We unajua kusema, mutoto wangu. Hata mi kidogo niamini kama humu ndani ni mukavu."