Kigoda cha Baba Vero

Juzi nilikuwa Korogwe, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka nikisubiri mvua ikatike, upepo ukaniletea harufu ya makapi ya mkonge. Aliyewahi kuishi shambani anaijua harufu hiyo: uchachu wa majani mabichi yaliyosagwa yakaachwa yaoze, kama togwa iliyopitiliza siku zake imemwagwa zizini. Kijana wa duka aliziba pua. Mimi nilivuta pumzi hadi ndani kabisa, na palepale nikawa nina miaka kumi, na nina wivu wa kunitoa machozi.

Mimi ni mtu wa wivu, sifichi. Marehemu mume wangu aliulalamikia mpaka akauzoea. Lakini wivu wa mwaka ule sijamsimulia mtu, na nawasimulia ninyi kwa kuwa hamkuwepo.

Tuliishi kwenye kambi ya shamba la mkonge. Baba alikuwa fundi wa korona, mashine ile ya kukamua majani ya mkonge yabaki singa, zile nyuzi zake. Mama ni Mzigua wa Sindeni. Ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, shamba limekwisha kuwa mali ya umma, na klabu ambamo wazungu walikuwa wakicheza karata ikageuzwa ukumbi wa wafanyakazi. Ulikuwa na jukwaa la mbao, pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja na kupakwa rangi ya buluu, na katikati nguzo mbili nene za zege. Msicheke nikisema ulikuwa ukumbi mkubwa. Watu walitoka Mashewa kwa miguu kuja kutazama maigizo yetu, na mtu aliyetoka Mashewa kwa miguu hasifii kitu kwa kukufurahisha tu.

Kila mwaka masika yakiisha, Mwalimu Mhina, aliyefundisha elimu ya watu wazima na kuongoza kikundi cha maigizo, alibandika karatasi mlangoni: mchezo mpya unaitwaje, utachezwa Jumapili gani, na nani ataigiza nani. Basi siku hiyo bombani maji hayachoteki. Ndoo zinajaa zinamwagika, wanawake wanajadili. Karani wa mahudhurio kawekwa tajiri tena, kwani kambi nzima haina mwenye tumbo ila yeye? Na yule wa boma la pili, sauti yake haifiki hata mstari wa tatu, nani kampa ujumbe wa nyumba kumi? Mama ndiye aliyetajwa zaidi. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameigiza bibi arusi, watu wakawa wanamwita Bi Arusi hata dukani.

Mwaka ule karatasi ilisema mama ataigiza mama. Wengine wakasema kazeeka, wengine wakasema sasa ndiyo tutamwona. Mchezo wenyewe ulikuwa wa tajiri mmoja mbishi asiyetaka kuhamia kijiji kipya cha ujamaa chenye zahanati. Anabaki porini na mbuzi wake, binti yake anaugua, anakufa, na mama mtu anamlilia mpaka tajiri anajuta. Niliisoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, nikilitafuta jina langu. Mama ni mama yangu. Binti wa mama yangu ni nani, kama si mimi?

Pameandikwa Veronika.

Vero alikuwa wa rika langu, alikaa boma la nyuma yetu na baba yake, mkata mkonge aliyetoka kusini kabla sisi hatujazaliwa. Mtu mrefu, mkimya, wa kuamkia watoto kabla hawajamwamkia. Vero mwenyewe alikuwa mwembamba, na kila akiongea alikuwa anajishika sikio. Kukariri alikuwa hajui. Nilikuwa nimemshinda darasani katika kila kitu isipokuwa kuruka kamba, na kule kwenye kamba naamini alikuwa anaiba.

Nikaenda kwa Mwalimu Mhina. Nikamwamkia, nikamwambia mimi najua kufa kuliko Vero. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Mwajuma, hilo kamuulize mama yako."

Sikumuuliza. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu. Mama ndiye aliyechagua, na alikuwa amechagua mwingine.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ya Vero. Alikuja kila jioni kufanya mazoezi. Mama alimweka katikati ya magoti, palepale nilipokuwa nakaa mimi, akamsuka nywele huku wakisemeshana maneno ya mchezo. "Mwanangu, unaumwa wapi?" "Mama, hapa." "Mwanangu, kunywa uji." Na uji ulikuwa uji kweli, wenye sukari, na sukari enzi hizo mnajua ilivyokuwa ikipatikana. Halafu mama akaanza kumwimbia. Ule wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kizigua, ambao bibi alimwimbia mama na mama akaniimbia mimi. Alimwimbia mtoto ambaye hata Kizigua hajui. Niliondoka nikaenda kukaa chooni mpaka nzi wakanichosha.

Nikaamua kujizoeza mwenyewe, ili Vero akiumwa kweli nishike nafasi yake. Nilikuwa nakufa kila siku mchana nyuma ya jiko. Siku moja bibi, mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka Sindeni na kikapu cha mihogo, akanikuta nimenyooka chini, macho nimefumba, pamba nimejitia puani. Alinichapa mwiko wa mguuni, nikafufuka.

"Usituchurie!" akasema, na akatema mate chini. Uchuro, kwetu, ni kuita baya kwa mdomo au kwa vitendo: ukijilaza kama maiti, maiti itatafutwa. Alininunia mpaka usiku na akamkaripia mama pia. Mimi nilichokiona ni kwamba Vero anakufa kila jioni na kupewa uji, mimi nikifa mara moja napigwa mwiko.

Ikafika Jumapili ya mchezo. Sasa lazima niwaeleze vigoda. Viti vya ukumbini vilikuwa vya meneja na wageni tu. Sisi wengine kila mtu alikuja na kigoda chake, na nafasi ilishikwa kwa kigoda. Asubuhi watoto walitumwa navyo, wakavipanga, wakaviacha. Kila kimoja kilikuwa na alama: chale za kisu, kitambaa cha rangi, mguu uliopakwa lami. Mwenyewe anaweza kuja saa kumi, mchezo unaanza, na kigoda chake atakikuta palepale. Kukisogeza kigoda cha mtu lilikuwa jambo ambalo hata walevi hawakulifanya. Na ulipokikuta ndipo ulipokaa. Ukisimama, wa nyuma wanakuvuta shati.

Mama alinikabidhi vigoda viwili. Kimoja chetu, kingine cha Baba Vero, kwa sababu yeye alikuwa zamu shambani na Vero alikuwa anatakiwa mapema. "Cha Baba Vero kiweke mbele kabisa," akasema mama, "katikati, mkabala na jukwaa. Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Nikaenda nikaviweka kama alivyosema, na namshukuru Mungu walau nilianza hivyo.

Nilirudi nyumbani saa sita. Nikamkuta Vero amesimama katikati ya chumba, mama amepiga magoti akimfunga mkanda wa gauni nyuma. Gauni lilikuwa langu. Lilikuwa la Idi, la kijani, lenye marinda, nililolivaa mara moja tu. Mama alisema bila kugeuka, "Mwajuma, nimemwazima kidogo, la kwake limechanika." Vero akanichekea huku kajishika sikio. Naapa sikuwa na kisu mkononi, na pengine ni bora.

Nikarudi ukumbini mbio. Hapakuwa na mtu, vigoda tu mistari kwa mistari. Nikakitwaa kile cha Baba Vero, chenye kamba ya mkonge iliyofungwa mguuni, nikakipeleka nyuma ya nguzo ya kushoto. Nikakaa juu yake kupima. Jukwaa halikuonekana hata ukucha. Kama mimi nanyang'anywa mama yangu, nilijiambia, na yeye baba yake asimwone.

Ukumbi ulijaa. Karani alitoka tumbo lake kaliongeza kwa singa alizojifunga ndani ya kanzu, watu wakacheka hata kabla hajasema, kisha singa zikaanza kumchungulia kwenye vifungo wakacheka mpaka wakalia. Baba Vero aliingia kwa kuchelewa, amenawa, shati jeupe limepigwa pasi mstari ukasimama. Alikwenda mbele moja kwa moja, akatazama, akatazama tena. Nikaona anasoma alama za vigoda kimoja kimoja. Mtu akamwambia akae, anawaziba. Akarudi nyuma kwa kuinama, akaomba radhi kila mstari, mpaka akaiona kamba yake nyuma ya nguzo. Akasimama pale kidogo. Halafu akakaa.

Mimi nilikuwa upande, namwona vizuri kuliko nilivyoona mchezo. Aliinama kushoto, akainama kulia. Jukwaani Vero alikuwa anakufa. Nitasema ukweli, alikufa vizuri, mkono ulilegea wenyewe ukaanguka. Mama akampakata, akajifunika uso kwa khanga, akalia. Sijapata kusikia mtu akilia vile kwenye mchezo. "Mwanangu," akawa anaita. "Mwanangu, niitikie." Wanawake wa Mashewa wakaanza kulia nao. Baba Vero akaacha kuinama. Aliegemeza paji la uso kwenye nguzo, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka pazia likafungwa. Nami nilifurahi. Nilifurahi mpaka tumboni.

Hakuna aliyeuliza habari ya kigoda. Nani angefikiri kimesogezwa? Mwaka uliofuata Baba Vero alihamishiwa shamba lingine upande wa Tanga, akaondoka na binti yake, nasi hatukupata habari zao tena.

Sasa nisogee mbele miaka mingi. Mama alirudi kwao Sindeni baba alipofariki, na mwaka juzi nilikwenda kumwona. Tulikuwa tumekaa nje asubuhi, tunapukuchua mbaazi, tunakumbushana watu wa kambini. Nikamtania. Nikamwambia, mama, dhambi moja sijakusamehe, ulimchagua Vero ukaniacha mimi.

Mama akasimamisha mikono. "Nani alimchagua?"

Akaniambia kwamba Mwalimu Mhina alikuwa amenitaka mimi tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyekataa. "Nikulilie wewe ungali hai, mbele za watu? Nikuchurie mwanangu mwenyewe?" Mwalimu akaenda kwa mama wengine wenye mabinti, kambi nzima, boma kwa boma. Wote wakakataa, wapo waliomfukuza kwa ufagio. Mwisho akaenda kwenye nyumba pekee yenye binti isiyokuwa na mama. Mke wa Baba Vero alikuwa amekufa akimzaa Vero, jambo ambalo sisi watoto tulilijua kama tunavyojua jina la mtu, bila kulifikiria.

"Nilimfuata Baba Vero mimi mwenyewe," mama akasema. "Nikamwambia, Baba Vero, una haki ya kukataa, wenzako wamekataa. Akaniambia, mama, huyu mtoto hajaitwa mwanangu na mwanamke tangu azaliwe. Mwite. Hata kama ni kwa mchezo, mwite, mimi nitakaa nitazame."

Aliinama akachukua maganda machache, akayatupia kuku.

"Ndiyo maana nikakutuma na kile kigoda. Nilitaka awe mbele, asikose kitu. Na siku ya pili nilimuuliza, Baba Vero, uliona vizuri? Akasema, niliona vizuri sana, mama, Mungu akubariki. Mara mbili akasema. Katika maigizo yangu yote, mwanangu, hilo ndilo jambo ninalojivunia."

Nilikuwa na mbaazi kiganjani. Nilizishika mpaka zikaloa jasho. Nilimwonea wivu mtoto aliyepewa nafasi ile kwa kuwa duniani hakuwa na mama wa kumkatalia, na nikamnyima baba yake kitu kimoja tu alichowahi kuomba pale kambini. Naye alidanganya, ili mama yangu asiumie.

Mama bado yuko Sindeni, macho yake mazuri, na hadithi hiyo anaipenda, atawasimulia hata kama hamjamuuliza. Mkipita kwake, mwacheni amalize. Mwambieni ndiyo, aliona.