Mfunga Maji wa Rongai

Niliondoka Gilgil asubuhi moja ya kiangazi kwa sababu lori lilisimama. Sikuwa na sababu nyingine. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipakia lile jiwe jeupe la Kariandusi, jepesi kama mkate mkavu, ambalo ukilisaga linakuwa unga laini kuliko wa ngano. Siku hiyo nilikuwa njiani kwenda kazini kama kawaida, dereva akatoa kichwa dirishani na kuuliza kama kuna mtu wa kumsaidia kushusha magunia matupu huko Rongai. Rongai sikuwa nimefika. Nikapanda nyuma, nikalala juu ya magunia. Nilikuwa na blanketi, kipande cha jiwe jeupe mfukoni, na spana yangu.

Spana hiyo ilikuwa na historia. Niliacha shule darasa la nne, mwalimu akiwa amechoka na maswali yangu, na baada ya kuzungukazunguka nikaangukia kazi ya kuchochea moto kwenye boila ya kiwanda kimoja cha siagi. Fundi wa boila, Mhindi mmoja mwenye masikio makubwa, hakuchoka na maswali. Kila kitu kilichofunga maji au mvuke alikifungua mbele yangu. Nilipoondoka alinipa spana yake ya zamani. Nimewahi kupewa vitu vya thamani zaidi, lakini hakuna nilichokibeba kwa kiburi kama kile.

Magunia yalikuwa ya shamba moja la mzungu, la mahindi na ng'ombe, mbele kidogo ya Rongai. Tulipomaliza kuyashusha dereva akageuza lori akaenda zake, nami nikabaki nimesimama barabarani. Nchi yote ilikuwa imekauka, nyasi rangi ya mbwa. Lakini barabara ya kuelekea kambi ya wafanyakazi ilikuwa na tope. Utepe mmoja wa tope, mrefu, katikati ya vumbi. Mtu mwingine angelikanyaga akapita. Mimi nililifuata.

Likanifikisha kwenye birika la saruji, limeshakombwa hadi chini, na bomba lenye mdomo wazi juu yake. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa juu ya debe lake, mguu mmoja ameunyoosha.

"Mama, hapa mvua ilinyesha?"

"Mvua!" Akacheka. "Hiyo ni maji yetu ya jana, imetembea usiku."

Akanieleza. Tangi lilikuwa pale juu kilimani. Injini ya kisima huwashwa alasiri, tangi linajaa, wanawake wanateka, kisha vali iliyo chini ya tangi inafungwa. Inafungwa, lakini haifungi. Usiku kucha maji yanashuka taratibu, yanajaza birika, yanamwagika barabarani, na asubuhi tangi ni tupu. Asubuhi hiyo hiyo mwenye shamba alikuwa ameliona tope na kusema hawezi kuinywesha barabara. Kuanzia kesho bomba la kambi lingezibwa kabisa, maji yawe ya ng'ombe tu, na kambi ikateke mtoni.

"Mto uko wapi?"

Akaelekeza kidevu kwenye bonde, chini sana. Kisha akapiga goti la ule mguu alionyoosha. "Hili limeshakataa."

Nikamwomba anionyeshe vali, akapanda nami polepole akichechemea. Tulipofika tulimkuta mwanamume mkubwa, mabega kama mlango wa ghala, ameshika nondo. Alikuwa dereva wa trekta la shamba, na kila jioni heshima ya kufunga maji ilikuwa yake. Mtu mwenye nguvu kuliko wote kambini ndiye mfunga maji, ndivyo walivyopanga. Kabla yake kulikuwa na mwingine, na alimpokonya cheo kwa kuikaza zaidi. Nondo ilipitishwa kwenye gurudumu la vali ili kuongeza nguvu. Gurudumu lenyewe lilikuwa limepinda kama chapati iliyoshikwa vibaya.

"Inavuja kwa sababu haijakazwa," aliniambia. "Leo nitaikaza mpaka ilie."

"Ndugu, ni wewe unayeiua."

"Nani amekuita?"

"Tope."

Mama akacheka tena, na yule bwana hakupenda. Akaniuliza kama mikono yangu, iliyo myembamba namna ile, imewahi kufunga kitu kizito kuliko kifungo cha shati. Nikamjibu imefunga mvuke, na mvuke haujali mabega.

Hapo ndipo nyapara alipofika, mzee mwenye koti refu hata katika jua lile. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na mgeni kambini hakuwa jambo dogo. Akataka kipande changu, kile cheti cha kazi ambacho kila mmoja wetu alilazimishwa kubeba, akakisoma mbele na nyuma.

"Huwezi kulala hapa," akasema.

"Sijaomba kulala, mzee. Naomba kufungua hiyo vali. Tangi ni tupu sasa, na injini bado."

Akafikiri. "Ukiiharibu, nitasema ni wewe."

"Na ikifunga?"

"Ikifunga utalala."

Nikafungua nati za kifuniko moja baada ya nyingine, nikavuta juu mlango wa shaba uliokuwa ndani. Nikampa dereva wa trekta aushike, maana nilitaka aone. Vali ya aina ile haizibi kama mfereji wa nyumbani. Mfereji una kipande cha ngozi kinachoshuka kukalia tundu, kama kifuniko kwenye chupa, na huko mkono wako ndio unaobana. Ngozi ikichakaa unaweka nyingine. Kuna koki ya pipa, ambayo ni kisiki chenye tundu ndani ya shimo la umbo lake, unakizungusha robo tu na tundu linageukia ukuta. Hiyo huishi kwa grisi. Kuna ile yenye ulimi, niliyoiona kwenye pampu ya boila, ambayo haina hata mahali pa kushika. Maji yakitaka kurudi nyuma yanausukuma ulimi wenyewe na kujifungia njia. Na kuna hii ya mlango. Mlango unashuka kukata njia, mwembamba chini na mnene juu, katikati ya kingo mbili za shaba, na uzito wa maji ndio unaoukandamiza kwenye ukingo wa mbele.

"Kwa hiyo maji yanajifunga?" akauliza dereva.

"Yanakusaidia. Wewe kazi yako ni kuufikisha mlango mahali pake, safi."

Lakini haukuwa safi. Kwenye shimo la chini ambako mlango unakaa nilichokoa changarawe za kujaza kiganja. Kila jioni alikuwa akiukandamiza mlango juu ya mawe hayo, na shaba ilikuwa imechanika mistari. Kisha nikaona jambo la pili: makali ya chini yalikuwa yamelika kama yaliyotafunwa. Nikamuuliza mama kama huwa wanaifungua yote.

"Hapana, nusu. Ndiyo tusimalize maji."

Walikuwa wakiyahurumia maji, na kwa huruma hiyo walikuwa wakiyapoteza. Mlango ukiachwa katikati ya mkondo unatetemeka, na maji yanapita kwa kasi chini yake yakiula. Ama wazi kabisa, ama umefungwa kabisa. Ukitaka maji kidogo, tumia mfereji.

Mama alileta kipande cha kioo cha dirisha na sufuria yake yenye masizi. Nikasugua mlango juu ya kioo, kwanza kwa vumbi la tofali na mafuta, kisha nikasaga jiwe langu la Kariandusi na kusugua kwa unga wake mpaka shaba ikawa kama uso wa maji yaliyotulia. Kingo za ndani nilizifuata kwa kijiti. Nikapaka masizi mlangoni, nikaushusha, nikaupandisha, nikatazama. Mahali palipobaki peusi hapakugusa ukingo. Nikasugua tena. Dereva wa trekta aliacha kunidhihaki akaanza kunishikia kijiti, na baadaye ni yeye aliyeona doa jeusi nililolikosa. Chini ya kifuniko nikaweka ngozi niliyoikata kutoka tandiko kuukuu, na kwenye shingo ya vali nikazungusha katani yenye mafuta ya ng'ombe.

Injini ikakohoa, ikawaka. Tangi likaanza kuvuma. Tukafungua vali yote, na wanawake wakajaza madebe yao hadi la mwisho. Ikafika zamu ya kufunga. Bila kufikiri dereva akainua nondo.

"Weka hicho chuma chini, baba," mama akasema.

Akakiweka. Akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, wote wakimtazama.

"Ukisikia imefika, acha," nikamwambia.

Akaacha, tukateremka wote hadi birikani. Maji ya mwisho yaliyokuwa kwenye bomba yakateremka, yakawa uzi, yakawa matone, kisha matone yakakosa wenzao. Nyapara akapangusa mdomo wa bomba kwa pindo la koti lake, akakaa kwenye ukingo wa birika, akavuta kiko chake chote polepole. Alipomaliza akapitisha kidole ndani ya bomba, akakitazama.

"Kikavu," akasema. "Nitamwambia bwana bomba lisizibwe." Kisha akamgeukia mama. "Huyu utamweka wapi?"

Mama alinipeleka kwenye kibanda alichokuwa akilala mwanawe kabla ya kwenda kazi ya reli. Nusu yake ilikuwa imejaa mahindi ya magunzi, nusu nyingine ikawa yangu. Akaniwekea debe la maji mlangoni ninawe, na vumbi jeupe la Gilgil likanitoka masikioni na shingoni. Nilikuwa sijamaliza kujifuta nikasikia sauti ya dereva wa trekta kule birikani, akiwafundisha wenzake waliotoka shambani.

"Nguvu ya nini? Maji yenyewe yanakusaidia. Ukisikia imefika, unaacha. Hata mtoto anajua hiyo."

Nikatandika blanketi langu kando ya mahindi, nikaweka spana chini ya kichwa.