Ng'ombe wa Baba kwa Kiingereza

Kidato cha pili nilishika mkia kwenye Kiingereza, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Jioni wenzangu walibaki kwa masomo ya ziada. Mimi nilikimbia nyumbani, kijijini Machochwe, kurudisha ng'ombe wa baba zizini. Baba alishasema kwamba kurudia darasa hakuna. Nikifeli, nakaa nyumbani.

Madamu wetu wa Kiingereza, mgeni kutoka Lindi, akaja nyumbani kuniombea ruhusa ya kubaki. Alianza vizuri, "Shikamoo baba," akaitikiwa. Kisha, akitaka kumfurahisha mzee, akauliza, "Baba, una ng'ombe wangapi?"

Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa sauti; ni kuwaitia balaa. Baba alimgeuzia mgongo, akatazama zizi.

"Mwalimu, giza linaingia," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Madamu hakujua kosa lake, ila aliona mlango unafungwa. Akanigeukia mimi. "Haya, virai vya jana. Nieleze kwa Kiingereza hao ng'ombe wanaoingia."

Wiki nzima alikuwa ametuimbia kwamba kirai nomino kina neno moja lililo kichwa, na mengine yanalielezea. Sikuwa nimeelewa kitu. Akaingia mweusi wetu.

"The black cow with one horn," nikasema, kisha nikamwambia baba kwa Kikurya: yule mweusi wa pembe moja. Na hapo nikaelewa. Kichwa ni ng'ombe. Weusi unamwelezea, na kile kirai kihusishi cha pembe moja kimemganda nyuma kama kupe. Nikaendelea: mwekundu mwenye baka usoni, ndama nyuma ya mama yake, dume korofi kando ya lango. Kila mmoja kwa Kiingereza, kisha kwa Kikurya.

Baba aligeuka taratibu. Nilipomaliza akasema, "Umemwacha yule wa bibi yako."

Nikamtaja na yeye, ng'ombe kikongwe wa kijivu aliyelala pembeni. Hakuna aliyehesabu, na hakuna aliyesahaulika.

"Mwalimu, huyu abaki shule," baba akasema. "Ng'ombe nitawarudisha mwenyewe."

Goti lake lilikuwa bovu tangu nipate akili. Alichechemea nyuma ya ng'ombe kila jioni mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Sasa nafundisha Kiingereza Tarime mjini. Tukifika kwenye virai, mfano wangu wa kwanza ubaoni kila mwaka ni ule ule: the old man with the bad knee. Mzee mwenye goti bovu. Namshukuru Mungu bado yupo, na likizo ikifika, ng'ombe nawarudisha mimi.