Kipa Aliyekosa Bibi wa Kizungu

Mjukuu wangu alikuja kukaa nami Misugusugu kwa sababu Uingereza ilikuwa haijamkubali. Klabu ilimtaka, kocha alimtaka, hata jezi walishamwonyesha kwenye simu. Waliosema hapana ni watu wa vibali vya kazi. Huko Marekani alikozaliwa, mkataba wake na timu ya zamani ulikuwa umekwisha na chumba amekwisha kukirudisha kwa mwenye nyumba. Mwanangu, ambaye ndiye baba yake, akamwambia, "Nenda kwa bibi yako, usubiri huko. Angalau utakula."

Nilikuwa naishi peke yangu tangu mume wangu atangulie mbele ya haki. Asubuhi wanawake wa mtaani huja barazani kwangu niwafundishe Kurani. Tunasoma mpaka jua likolee, kisha kila mmoja anarudi kwa watu wake, nami naingia ndani. Mwenyezi Mungu amenipa afya, paa lisilovuja na macho ya kusomea, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia, na sikulalamika. Lakini mtu anayepika kikombe kimoja cha mchele kila siku hufika mahali akaanza kuzungumza na sufuria. Siku kijana yule alipoinama kupita mlangoni, maana ni mrefu kama nguzo ya umeme, nilitoa sufuria kubwa, na mkono ukawa umesahau kipimo cha chumvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa, nimeshazeeka."

Aliganda pale pale. Kiswahili alikuwa amefundishwa na baba yake, lakini utani hakufundishwa. Jirani yangu anayechoma chapati kando ya barabara alikuwa amemsindikiza na begi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia:

"Usiogope, baba. Huku kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Kazi yako ni kununua nyama na kusemwa."

"Na yeye kazi yake?"

"Kukusema."

Alijifunza upesi. Baada ya siku chache alikuwa akirudi kutoka mazoezini Maili Moja, ambako timu moja ya mtaa ilimkaribisha, anaulizia jikoni, "Mke wangu, leo umeniwekea nini?" Na mimi namjibu kwamba mume asiye na kazi hulishwa mihogo. Mchana alikuwa akirusha mpira kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba na kuudaka, akirusha na kudaka, plasta ikidondoka. Sikumkataza. Nyumba ilikuwa na mlio wa mtu.

Alinieleza habari ya kibali nikiwa nachambua mchele. Wanahesabu, alisema, mechi ulizochezea timu ya taifa. Yeye alichezea timu ya vijana tu. Mshambuliaji anaweza kuingizwa hata dakika za mwisho akahesabiwa, lakini golini anasimama mtu mmoja, na huyo asipoumia wenzake hukaa benchi mpaka wanastaafu. Klabu imekata rufaa. Kuna wazee watakaokaa kuisikiliza.

"Na wenzako wa Marekani wanapitaje?"

"Wengine wana pasi za Ulaya, nazo bado zinamwingiza mtu Uingereza bila kibali. Kuna kipa rafiki yangu, amepita kwa sababu ya bibi yake. Bibi alizaliwa Italia, basi mjukuu akapewa pasi ya huko."

"Huyo bibi yuko hai?"

"Alikufa zamani. Hajawahi kumwona."

Niliendelea kutafuta mawe kwenye ungo. Upande wa mama yake kijana huyu, wazee wa wazee walivushwa bahari kwa minyororo, na sijasikia serikali inayoihesabia safari ile kitu chochote, wala kumpa mtu pasi kwa ajili yake. Upande wa baba, bibi yake ni mimi. Yule mwanamke wa Italia yumo kaburini na amemfungulia mjukuu wake mlango. Mimi niko hai, nimekaa mbele ya wangu, na sina hata ufunguo wa dirisha.

Kwetu mtu akiwa na jambo zito hupelekwa makaburini kwa wazee, hung'oa majani, husomwa Yasini, kisha huombwa dua. Basi tukaenda Kisarawe, nilikozaliwa na nilikoolewa, tukapitia Kiluvya. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alitupokea akiwa na jembe mkononi.

"Ndiye huyu mwizi?" aliniuliza kwa sauti. "Anakaa na mke wa kaka yangu bila mahari!"

"Nitalipa nikipata kibali, babu."

"Na usipopata?"

"Nitamrudisha."

Wote wawili walicheka. Tulisafisha makaburi, nikasoma, wakaitikia amina. Tulipokuwa tunanawa mikono, kijana akamsimulia babu yake mambo ya yule kipa wa bibi wa Italia. Shemeji akasikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono kwenye kikoi.

"Sasa hilo ndilo la kuwanyima usingizi? Mzungu tutampata."

Lazima nieleze. Watu wa umri wetu hawakuzaliwa na vyeti. Mzee akihitaji kitambulisho, ndugu aliyemzidi umri au aliyekua naye huenda mbele ya wakili, akala kiapo kwamba huyu ni binti wa fulani, alizaliwa mwaka wa mafuriko au mwaka wa njaa, na karatasi zote zinazofuata hutoka hapo. Shemeji amewaapia wazee wengi. Mimi mwenyewe aliniapia yeye. Kwa hiyo hakuona ajabu kuapa tena.

"Tutasema baba yako alikuwa Mjerumani," akaniambia, "wale wa mashamba ya mkonge. Wewe ni mweupe, nani atakayebisha? Mashahidi si sisi? Waliomjua wote wamelala hapa."

Kijana alinitazama. Hakucheka safari hii.

"Shemeji, baba yangu si huyo nyuma yako?"

Aligeuka, kwa kweli baba yangu alikuwa nyuma yake, mita chache, tulikuwa tumetoka kumwombea. Shemeji akashusha sauti. "Yeye hatachukia. Ni kwa ajili ya damu yake."

"Bibi," kijana akasema, "ni karatasi tu."

"Kwako ni karatasi. Mimi nimeitwa kwa jina lake tangu nizaliwe, na nitaitwa kwalo nikifufuliwa. Mtu hajitafutii baba mwingine. Hilo nimelifundisha barazani, nawe usiniombe nilifute."

"Basi," akasema shemeji. "Wewe ndiye mwalimu. Lakini mlango ukifungwa, usije kusema hatukujaribu."

Tulirudi Misugusugu. Na hapo ndipo nilipojua kwamba upweke wa nyumba yenye watu wawili unaweza kupita ule wa mtu mmoja. Kijana hakunikosea adabu hata kidogo. Alichota maji, alifagia ua, alisema asante baada ya kila sahani, kama mgeni wa hotelini. Utani uliisha. Mpira alikwenda kuurusha huko Maili Moja. Mwanangu alipiga simu kutoka Marekani, akaniuliza taratibu, "Mama, kweli mlikuwa na njia mkaikataa?" Nikamwambia tulikuwa na kiapo cha uongo, njia hatukuwa nayo. Akaniuliza kama dawa za presha ninazo.

Kila baada ya alfajiri niliomba. Nilisema, Mola wangu, nimekataa kumfungulia kwa mkono wangu, mfungulie kwa wako. Na kila nilipoomba nilijua ninachokiomba: akifunguliwa, ataondoka. Sikumwekea Mungu sharti. Ila dua hiyo ilinitoka kwa uzito, kama ndoo inayopandishwa kutoka kisimani.

Jibu la rufaa lilikuja, nalo lilikuwa hapana. Aliingia jikoni akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, magoti yakimfika kidevuni.

"Wamekataa, bibi."

"Pole, mwanangu."

"Pengine ile karatasi ingesaidia."

"Pengine," nikasema, maana sikujua, na sikutaka kumwongopea hata kwa kumfariji.

Akachukua kizio cha nazi akaanza kukuna, vibaya, akichanganya na ganda. Nilimwacha. Baadaye, bila kuinua macho, akaniuliza, "Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamweleza. Alikuwa mkulima wa mihogo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, akiimba kwa sauti mbaya. Alisikiliza mpaka mchuzi ukachemka. Sijui kama alinisamehe siku hiyo, lakini alikula jikoni, si mezani.

Wakala wake, anayemtafutia klabu, hakuchoka, Mungu amlipe. Ikapatikana klabu ndogo Denmaki, nchi ambayo nilihitaji kuonyeshwa kwenye ramani, nao walikuwa wanatafuta kipa wa pili. Kipa wa pili ni mtu wa kukaa na kungoja, nikamwambia hiyo kazi ameshaisomea kwangu. Kule nako kuna kibali, lakini waliangalia mkataba na mshahara. Hawakuuliza timu ya taifa wala bibi. Tulingoja tena. Nilizoea tena kumpikia, jambo ambalo sikupaswa kulizoea.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, bado nimekaa kwenye msala. Nilimsikia barazani anasoma kitu kwa sauti kwa Kiingereza, mara akapiga kelele hata kuku wa jirani wakatawanyika.

"Bibi! Wametoa! Wamenipa!"

"Alhamdulillahi," nikasema, nikasujudu sijida ya shukurani. Sijida hiyo ni fupi, hata watoto wa madrasa wanajua. Yangu ilirefuka. Alikuja mlangoni akavua viatu, akasimama.

"Bibi? Umelala?"

"Nashukuru. Usiniharakishe."

Akasubiri kidogo, kisha akaenda chumbani kwake. Nikamsikia akifungua kabati na kutoa nguo, akizungumza na baba yake kwenye simu, akicheka. Nilibaki chini, paji la uso kwenye mkeka, nikizitaja neema moja moja na kwa ukweli, kwa sababu nilijua nikiinua kichwa itabidi nikamsaidie kufunga begi.